Mkono Niliouinua Bure

Nakumbuka asubuhi niliyosimama mbele ya duka langu nikisema, hapa duniani hakuna kitu kinachoweza kunishangaza tena. Mwanangu, nilikuwa na haki ya kujisifu. Shule niliiacha darasa la nne. Nilianza kwa kubeba mgongoni magunia ya mchele uliotoka Yanonge, na leo mashine tatu za kukoboa pale Mangobo ni zangu. Nani mwingine amefanya hivyo? Bon, tuache hayo. Siku chache tu baadaye nilishangaa, na aibu yake ninayo hata leo.

Miaka ya kusimama kando ya mashine ilikula masikio yangu polepole. Sikumwambia mtu. Nilijitafutia dawa yangu: kucheka. Mtu akisema nami namtazama midomo, akimaliza nacheka, nampiga begani. Wakasema Papa Ramazani ana moyo mweupe.

Halafu jirani yetu, Mama Zozefina, akafiwa na mtoto wake wa kiume. Tukaenda matanga. Akanivuta karibu na mkeka wake, akaanza kunieleza mtoto alivyomaliza siku zake. Spika zilikuwa zinalia, nami sikushika hata neno. Aliponyamaza nikacheka. Nikampiga begani.

Watu wote wakaniangalia. Mke wangu, Mama Aziza, akanishika shati, akanitoa mpaka barabarani, akaniambia kwa nguvu sikioni:

“Umechekea kifo cha mutoto wa watu. Utaenda kwa muganga wa masikio, ao mimi narudi kwetu Kindu.”

Nilijua hatanii. Basi nikajitayarisha, na hapo ndipo nilipoharibu. Dereva mmoja aliyewahi kupimwa aliniambia wanakuvalisha kaske, zile spika ndogo za kufunika masikio, na ukisikia mlio unainua mkono. Mimi nikaelewa kwamba ni mtihani. Shule ilinishinda mara moja, mwanangu, haingenishinda tena. Nikachokonoa masikio na kijiti cha kiberiti, nikamimina mawese ya vuguvugu ili yawe safi. Asubuhi nikavaa shati jeupe, nikapita kwanza kwenye mashine, nikasimama pale mpaka saa ikafika.

Pale hospitali, muganga alikuwa mwanamke kijana, umri wa binti yangu wa mwisho. Alinipangusa mafuta masikioni kwa muda mrefu. Akauliza ni dawa gani nimekunywa miaka hii, kwani nyingine huharibu masikio. Nikasema mwanaume kama mimi haugui.

“Kinini, kila malaria,” Mama Aziza akasema kwa nguvu nyuma yangu. “Na sindano za ule ugonjwa wa kifua, alipigwa mingi.”

Wakanivalisha kaske. Kimya. Lakini mimi ni mfanyabiashara, macho yangu hayalali. Niliona kwamba kila muganga anapobonyeza kitufe cha kutuma mlio, bega lake linashuka kidogo. Basi bega likishuka, naye Papa Ramazani mkono juu. Nilijiona mwanafunzi wa kwanza.

Akaacha. Akanivua kaske, akasogeza uso wake karibu ili nione midomo.

“Papa, hizi za mwisho sikutuma sauti yoyote. Nilikuwa nagusa meza tu.”

Nikamgeukia mke wangu, nikingoja acheke ili nami nicheke. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

“Muganga, ndiyo vile anatufanyaka nyumbani,” akasema akiinua uso. “Sisi wote tunajua. Mimi nilishaacha kumuambia mambo.”

Mwanangu, miaka yote hiyo nilidhani nawaficha. Kumbe wao ndio walionifichia mimi, wasinitie haya.

“Papa, hapa hakuna kufaulu, hakuna kuanguka,” muganga akasema. “Pumzika mbali na mashine, usitie kitu masikioni, kisha urudi.”

Nilirudi. Safari hii nilifumba macho. Mara nyingi mkono wangu ulilala tu juu ya goti, na kuuacha umelala kulikuwa kuzito kuliko gunia lolote nililowahi kubeba. Tulipotoka, sikwenda dukani. Nilikwenda kwa Mama Zozefina, nikamwambia sikusikia, nikamwomba anieleze tena habari za mtoto wake. Alinitazama sana. Kisha akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana, akaanza mwanzo.

Basi nisikie. Ukienda kupimwa masikio mara ya kwanza, kaa mbali na makelele tangu siku inayotangulia. Usitie mafuta wala kijiti. Taja dawa zote, hata zile unazoziona ndogo. Nenda na mtu mnayeishi naye, umwache aseme, kwa maana yeye anajua usichosikia. Sauti ikiwa ndogo kabisa, inua mkono. Isipokuwepo, uache ulale. Mungu akulindie masikio yako, na akupe watu wa kukuambia kweli ungali unawasikia. Mimi ule ujanja wa bega ulinifanya nilipe kipimo mara ya pili: dola ishirini na tano.