Ng'ombe wa Wekoye Mwambani

Kabla ya kwenda vitani, mwaka wa arobaini na mbili, Wekoye alimpeleka mkewe Nanyama kwenye pango la mlimani, juu ya shamba la Mzungu walikokuwa vibarua, ng'ambo ya Kitale. Ukutani kulikuwa na ng'ombe waliochorwa na watu ambao hata babu zake hawakuwajua. Wekoye akachagua mmoja mwekundu, pembe imepinda.

"Huyu ni wangu. Ukinikumbuka, njoo umwangalie. Akiwepo, nipo."

Yalikuwa maneno ya kuagana tu, lakini Nanyama aliyashika.

Basi kila Jumapili baada ya kanisa alipanda, Nakhungu mgongoni, mtoto aliyezaliwa baba ameshavuka bahari. Aliweka majani mabichi chini ya mwamba kama wafanyavyo watu wa mlimani, akakaa akimtazama yule ng'ombe. Maji yalidondoka, mtoto akanyonya, na moyo wake ukatulia kuliko hata kanisani. Hilo hakumwambia mtu.

Shida ni kwamba moshi wa wachungaji ulikuwa umemfifisha yule ng'ombe. Siku moja Nanyama alilowesha kitambaa chake cha kichwa, akampangusa. Lo! Aling'aa kama aliyechorwa jana. Tangu hapo hakuondoka bila kumpangusa.

Chepkemei, mama mzee aliyelaza mbuzi wake mle pangoni, alimcheka. "Mama Nakhungu, ati unaogesha ng'ombe wa mawe, na huyu wa mgongoni kamasi zimemkauka?"

"Nataka nimwone vizuri, mama."

"Sisi tunawasalimia tu, hatuwashiki. Mwache, bana."

"Si akilowa anang'aa? Tazama mwenyewe!"

Chepkemei alitazama, akatikisa kichwa, akafuata mbuzi wake.

Vita vikaisha. Wanaume wakashuka kwenye gari la moshi Kitale na makoti yao ya jeshi. Nanyama alienda stesheni mara tatu. Wekoye hakuwamo, wala barua haikuja, ya uzima au ya kifo.

Jumapili iliyofuata alipanda mbio, akimvuta Nakhungu mkono. "Leo utamwona ng'ombe wa baba."

Alipangusa. Hakung'aa. Akapangusa tena kwa nguvu, mpaka vidole vikauma. Palibaki jiwe tupu, limelowa. Kando yake, wale ambao hakuwahi kuwagusa walisimama vilevile, na masizi yao.

"Mama, yuko wapi?"

Nanyama alikunjua kitambaa. Katikati palikuwa na doa jekundu, ambalo miaka yote alidhani ni udongo wa shambani. Alikikunja tena, doa likiwa ndani, wakashuka.

Ukoo ulingoja miaka minne, halafu wazee wakasema basi. Kwa kuwa mwili haukuwepo, walikata shina la mgomba walizike badala ya Wekoye. Nanyama ndiye aliyekuwa akikataa siku zote mumewe azikwe. Siku hiyo alisogea, akalifunga lile shina kwa kitambaa chake ambacho hakukifua tena tangu siku ile ya pangoni, akarudi nyuma akasimama na mtoto wake, kichwa wazi.