Roho Tatu za Nyumba ya Mchimbaji

Loveday Angwin, mpishi mstaafu wa shule na mkali kama pilipili, alianza kuwasaka wakazi wa zamani wa nyumba yake siku ile dalali alipomwambia, "Bibi, kibanda cha mchimba bati hakina historia. Uza tu, upumzike."

"Hakina? Ngoja uone!"

Baridi nzima alipekua vitabu vya kanisa na hati kuukuu. Aliyeijenga nyumba hiyo ni Zacky Tregear, kwa mikono yake, ila juu ya ardhi ya kabaila. Mkataba wa Cornwall, kule Uingereza, enzi hizo ulikuwa huu: taja roho tatu, yaani watu watatu walio hai, na ya mwisho ikitoka, nyumba ni ya mwenye ardhi. Zacky alijitaja yeye, mkewe, na binti yao Jenifer, kichanga aliyekuwa akikohoa usiku kucha. Majirani walimcheka. Mwenye akili angetaja mtoto wa jirani, mwenye mapafu mazima.

Mgodi ukamla Zacky, homa ikamchukua mkewe. Tangu hapo, kila Krismasi karani wa kabaila alibisha hodi kuuliza kama Jenifer yu hai. Karani wa nne aliandika, kwa hasira, kwamba ajuza wa miaka tisini na mmoja alimtimua kwa ufagio.

Baridi ilipokwisha, dalali akarudi. "Bado uko ngangari, bibi?"

Loveday, mwenye miaka themanini na miwili, alinyoosha mkono nyuma ya mlango, akatoka na ufagio.

"Kawaambie waliokutuma," alisema, "Jenifer bado anapumua."