Redio ya Baba Mkwe Iliyonong'ona

Mtu haoti ndoto akiwa na debe la unga kichwani. Naanza na hilo kwa sababu kila ninapokisimulia kisa hiki hakosekani mjuaji wa kuniambia kwamba nilisinzia, au nilikuwa na homa, au njaa ilinizidi. Homa sikuwa nayo. Njaa nilikuwa nayo, lakini ni ile ya asubuhi tu ambayo kila mtu anayo. Ilikuwa Mbeya, miaka ya sabini, wakati reli ya kwenda Zambia inajengwa, na akili zangu zilikuwa timamu kama zilivyo leo.

Mimi ni Mhehe wa Iringa. Niliolewa na Ambokile, Mnyakyusa, fundi redio pale Mwanjelwa, tukakaa mtaa wa Soweto, palepale Mbeya, kwenye ua mmoja na baba yake. Mzee alikuwa mjane, ana kijumba chake upande wa pili wa ua. Sasa kama huzijui mila za Wanyakyusa, ngoja nikuambie, maana bila hilo hutaelewa lolote. Kwao mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani. Hawasalimiani, hawatazamani, hawatajani majina. Mzee akikohoa huko njiani, wewe mkwe unatoka njiani, unachuchumaa, unageuza mgongo, unajifunika khanga mpaka apite. Kwetu Iringa mkwe tunamheshimu sana, lakini hatumkimbii hivyo. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikazoea, hata mwili wangu ukawa unachuchumaa wenyewe kabla sijafikiri.

Na tukitaka kuambiana jambo? Tulikuwa na mbuzi. Mzee alisimama kwake akasema, "Wewe mbuzi, waambie wenye nyumba mboga ya leo chumvi imezidi." Na mimi nikiwa jikoni nikajibu, "Mbuzi, mwambie mzee nimesikia." Mbuzi yule alijua mambo ya nyumba ile kuliko mchungaji wa kanisa. Miaka mitano tuliishi hivyo, na nakuapia, yule mzee nilimpenda. Mtoto wangu Atupele alipougua surua, mzee alikaa nje ya dirisha letu usiku kucha akimuuliza mbuzi kama homa imeshuka. Sura yake niliiona vizuri kwa mara ya kwanza siku alipolazwa kwenye jeneza.

Mzee aliacha redio. Kubwa, ya mbao, ya zile za zamani zenye taa za kioo ndani, aliyoinunua alipokuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chai. Kila jioni aliiweka mlangoni na majirani wakaja kusikiliza habari. Wiki ileile aliyokufa, zile taa za ndani ziliungua. Ambokile alizitafuta Mbeya nzima, akaagiza mpaka Iringa, hazikupatikana. Akaamua kufanya kama mafundi wote wa wakati ule walivyofanya: kuchukua matumbo ya redio nyingine na kuyatia humo. Alikuwa na kiredio kidogo cha plastiki, kigeni, ambacho mtu mmoja wa relini alikikalia kikapasuka, lakini ndani kilikuwa kizima.

Basi hapo ndipo kazi ilipoanza. Ndani ya moja, nje ya nyingine, na haviongei. Kitasa cha kutafutia stesheni kilikuwa kirefu hakiingii kwenye tundu, akakikata. Mshale ulionyesha stesheni upande huu na stesheni yenyewe iko upande ule. Betri ya zamani ilikuwa na nguvu nyingi mno kwa matumbo mapya, akaibadilisha. Mimi nilikuwa namshikia taa jioni anapolehemu, kwa hiyo niliona yote. Kila kitu kikakaa sawa mwishowe, isipokuwa sauti. Redio ilinong'ona tu. Ukitaka kusikia mtangazaji uliweka sikio kwenye kitambaa cha spika, na hapo unasikia mtu anasema mbali, kama yuko chini ya ardhi.

Unafikiri ndugu walisemaje? Walikuwa wameshaanza kuja kutoka Tukuyu kwa ajili ya kuanua tanga, na shangazi yake Ambokile, dada wa marehemu, ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Mama yule alikuwa na sauti ya kuamrisha na macho ya kuhesabu makosa. Alitega sikio kwenye spika, akanyanyuka taratibu.

"Huyu ni kaka," alisema. "Kaka anakataa kusema ndani ya nyumba hii. Nani ameigusa redio yake?"

Mimi nilikuwa nimeigusa. Nilishika taa, nilifuta vumbi. Mkwe kugusa kitu cha baba mkwe, kwao hilo ni jambo zito. Shangazi akatangaza mbele ya wote: siku ya kuanua tanga redio ya marehemu iwekwe mlangoni kama alivyoiweka mwenyewe. Ikisema, basi amekubali urithi na nyumba ina amani. Ikinong'ona, mwanamke wa Iringa afunge mizigo yake arudi kwao, na Atupele abaki kwa watu wa baba yake.

Sisi Wahehe tunasemwa kwa hasira. Ni kweli tunazo. Lakini hasira inasaidia nini mbele ya ukoo mzima? Nilienda jikoni nikalia kwa uchungu. Mtoto wangu alikuwa na miaka minne. Ambokile naye alikuwa hali chakula, anainamia redio ile mpaka mgongo unamuuma, anafungua, anafunga. Nilimuuliza tatizo ni nini, akanionyesha kidude kizito cha waya uliosokotwa, kimefungwa nyuma ya spika. Mafundi wanakiita transfoma. Akaniambia kwamba redio ya zamani ilikuwa na umeme mkali, ingezungumza na spika moja kwa moja ingeiunguza, kwa hiyo sauti ilipitia kwanza hapo, ikapozwa, ndipo ikafika. Alinieleza hayo bila kunitazama usoni, na mimi sikuuliza zaidi.

Asubuhi ya siku yenyewe ya kuanua tanga nilitumwa Mwanjelwa kuchukua unga mashineni. Ilikuwa Julai, baridi ya Mbeya unaijua, na ukungu umeshuka mpaka huoni mkono wako. Watu wanadhani mizimu ni ya usiku. Mimi yangu ilinikuta jua limeshatoka, ila tu halionekani. Nilikuwa narudi kwa njia ya mashambani, debe kichwani, nawaza nitamfungia Atupele nguo zipi au nitamwacha vipi, nikasikia mtu anakohoa mbele yangu. Mara mbili, kama desturi.

Nikatoka njiani. Niamini, sikufikiri hata kidogo. Nilichuchumaa na debe langu kichwani, nikageuza mgongo, nikavuta khanga usoni. Nikasikia fimbo ya mzee, ile yenye chuma nchani, ikigonga ardhi. Ikaja, ikaja, ikasimama nyuma yangu. Nikanusa ule ugoro wake. Na hapo ndipo akili iliponifikia: namkimbia mkwe ambaye tulimzika kabla mahindi hayajavunwa.

Nikuambie nilichofanya? Nikasubiri amwambie mbuzi. Ndiyo, nilikuwa nawaza hivyo, kwamba hapa porini atamtumia nani? Halafu akasema kwa sauti yake ileile, taratibu, "Mama Atupele."

Hajawahi kuniita. Miaka mitano yote.

"Usigeuke," akasema. "Usiogope. Leo nasema na wewe mwenyewe. Nimechoka kupitishiwa maneno. Nasema na nyinyi kila jioni na sauti yangu inaishia kati. Mwambie mwanangu aondoe kinachotutenganisha. Asiniogope. Ni changu, nami nimekubali."

Debe likayumba, unga ukanimwagikia mabegani. Sijui nilipata wapi nguvu, lakini nilijibu, bila mbuzi, bila mtu, "Nimesikia, baba."

Fimbo haikugonga tena. Nilibaki pale nimechuchumaa mpaka mama mmoja muuza maziwa akanikuta. Alikuwa anatokea upande uleule alikotoka mzee, njia nyembamba, mashamba pande zote, kama kungekuwa na mtu wangegongana. Akaniuliza, "Dada, unamkimbia nani?" Nikamuuliza kama amepishana na mzee mwenye fimbo. Akasema hakupishana na kiumbe yeyote tangu atoke kwake. Akanisaidia kusimama. Shingo iliniuma siku kadhaa baada ya hapo, na ndiyo maana nasema, ndoto haiumizi shingo.

Nilipofika nyumbani sikumsalimia mtu. Nikaingia ndani alipo Ambokile, nikafunga mlango, nikamwambia kila neno kama nilivyolisikia. Alikaa kwenye kiti chake.

"Kile kiredio kidogo," nikamuuliza, "kilipokuwa kizima, sauti yake ilipita kwenye hii transfoma?"

"Hapana," akasema. "Waya zilienda kwenye spika moja kwa moja. Umeme wake ni mdogo, hauhitaji kupozwa. Ukiupitisha hapa unaishia humohumo."

"Kumbe ulijua?"

Akainamisha kichwa. "Nilishuku tangu wiki iliyopita. Ila shangazi alisema kisiondolewe kitu kingine cha baba. Nimeshaondoa matumbo yote, kilichobaki ni spika na hiki. Nikishika mkasi, mkono unakataa. Naona ninamkata yeye."

Hapo zile hasira za Iringa zikanipanda kweli. "Yaani mimi nifunge mizigo, niachanishwe na mwanangu, na wewe umekaa unaheshimu chuma? Baba mwenyewe amekwambia ni chake na amekubali. Kata." Akanitazama. Machozi yalikuwa yanamtoka. Kisha akachukua mkasi, akakata waya zote za kile kidude, akakivua, akazikwangua zile mbili zinazokwenda ndani ya spika, akazilehemu kwenye matumbo ya kile kiredio. Mimi nilishika taa. Kama kugusa ni kosa, basi nilikosa tena.

Hatukuijaribu. Aliogopa, na mimi niliogopa zaidi. Jioni watu walijaa uani, redio ikawekwa mlangoni kwa marehemu, shangazi amesimama mbele yake mikono nyuma. Mizigo yangu alikuwa ameshanifungia yeye mwenyewe, nimeiona ukutani. Atupele nilimbeba mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea. Ambokile akazungusha kitasa.

Redio ikaguruma, ikakohoa, na sauti ya mtangazaji ikatoka nzito, safi, ikajaa ua mzima mpaka kuku wakatawanyika. Spika ile kubwa ya zamani ilikuwa na sauti ambayo kiredio cha plastiki hakijawahi kuiota. Wazee wakavua kofia. Mmoja akasema kwa Kinyakyusa jambo ambalo sikulielewa, na wanawake wakaanza kulia, kilio cha kushukuru. Mimi nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Shangazi alisikiliza habari zote mpaka mwisho. Kisha akaenda ukutani, akachukua mizigo yangu, akaiingiza ndani kwangu. Kesho yake aliniomba chai, nikampikia.

Kile kidude Ambokile alikizika kwenye kaburi la baba yake, pembeni. Redio iliongea miaka mingi, na haikunong'ona tena hata siku moja. Mimi mpaka leo, kukiwa na ukungu, sipiti mashambani. Si kwa hofu. Ni kwamba sijui nitasema nini nikiitwa tena.

Sasa Ambokile ni mzee na yeye ana mkwe. Siku ya kwanza yule binti alipomkimbia na kujibanza nyuma ya jiko, Ambokile alimwita kwa jina lake, akamwambia, "Mwanangu, njoo ukae." Ndugu wa Tukuyu walinuna, na wengine wamenuna mpaka leo. Binti anakaa, anacheka, anabishana naye habari za mpira.

Kwa hiyo na wewe unayenisikiliza, nakuonya. Mila sikwambii uzivunje, kila mtu na kwao. Lakini kama una neno na mtu wa nyumbani mwako, usimpitishie. Mwambie mwenyewe, angali hai, maana si kila marehemu anapewa ruhusa ya kurudi kueleza.