Mzabibu Chini ya Migomba

Watu husema zabibu hazistawi Mwanza. Mimi nakataa, na shahidi wangu ni jirani yangu Mama Prudencia, Mhaya wa Buhongwa. Alitaka kutengeneza mwenyewe divai ya jubilei ya ndoa yake, akapanda mzabibu wa Dodoma katikati ya migomba, kama kwao Uhayani wanavyopanda kahawa. Ulitambaa vizuri, lakini haukuzaa.

“Ung'oe, tufunge ndama hapo,” mumewe Rwekaza alimtania.

Nilimweleza Mama Prudencia kwamba mzabibu, tofauti na kahawa, hautaki kivuli.

“Nikate migomba? Kwetu ndizi ndiyo chakula, watasema nimerogwa, mwanangu.”

Aliikata hata hivyo, huku amenuna. Msimu uliofuata vichala vilijaa.

Siku ya jubilei Rwekaza alionja divai ya mkewe, akasogeza glasi iongezwe.

“Ndama atafutiwe mahali pengine,” alisema.