Mama Mkwe Amemkalisha Binti Yangu Kwenye Moshi kwa Sababu ya Miguu Yangu

Admin, nifiche vizuri, maana mawifi zangu wote wamo kwenye huu ukurasa na wana macho. Mimi ni Mkenya wa miaka thelathini na mbili, nimeolewa hapa Juba. Nauza madera na mitandio kwenye soko la Custom. Tunaishi mtaa wa Kator kwa mama mkwe, na tuna binti mmoja wa miaka mitano.

Nilizaliwa na ngozi kavu ya miguu. Si ile ya kusahau kujipaka mafuta, hapana. Kuanzia magotini kushuka chini inakakamaa, inapasuka, inaota magamba kama ya marehemu baba yangu. Daktari wa ngozi kule nyumbani aliniambia ni ya kurithi, haiambukizi wala haiponi, ila inatunzika. Nioge maji ya uvuguvugu bila kukawia, nisisugue, nijipake mafuta mazito ya mgando kabla maji hayajanikaukia mwilini. Nikifanya hivyo naishi vizuri tu. Shida ni kwamba mume wangu alinichumbia kule kwetu wakati wa mvua, miguu ikiwa laini. Nilipomweleza alicheka, "Hiyo tu? Nilidhani unaniambia una mtoto mahali." Kisha kiangazi cha Juba kikafika.

Mama mkwe alipoiona hiyo miguu aliwaita mawifi waje watazame. Wifi mkubwa akanivuta sketi hadi magotini mbele ya wageni, akasema, "Kaka yetu ametoa ng'ombe akaletewa mamba." Walicheka mpaka chai ikawamwagikia. Mume wangu naye alicheka. Kicheko chake sijakisahau, na sitaki kukisahau.

Dawa ya mama mkwe ni dukhan. Kwa msioijua, ni moshi wa kuwarembesha wanawake walioolewa: kishimo cha makaa na vipande vya mti wa talih, unakaa juu yake umejifunika blanketi mpaka utoke jasho na ngozi ibadilike. Wengine inawapendeza sana, siwasemi vibaya. Mimi nilikubali ili nipendwe, ujinga wangu. Moshi ulinikausha zaidi, miguu ikapasuka ikatoa damu, nikashindwa hata kusimama dukani. Nilipokataa kurudi pale kishimoni, mama mkwe, aliyeokota Kiswahili chake Uganda miaka ya vita, akanitazama juu mpaka chini. "Wewe iko na kiburi. Wewe napenda hii ugonjwa yako." Mume wangu akasema, "Si uvumilie tu? Mathe anajua hizi vitu." Tangu siku hiyo analala kitanda kingine, eti namkwaruza.

Yangu ningeyavumilia. Lakini kiangazi hiki miguu ya binti yangu nayo imeanza kukauka. Nikawa namtunza kama ninavyojitunza. Mchana mmoja nikarudi mapema kutoka sokoni, nikamkuta juu ya kile kishimo, amefunikwa blanketi, amelia mpaka sauti imekwisha, na bibi yake amemkandamiza mabega. Mtoto wa miaka mitano! Jambo la wanawake walioolewa! Nilimsukuma yule mama akaanguka chali. Ndiyo, nilimsukuma, na ningemsukuma tena. Mapaja ya mwanangu yalikuwa na malengelenge.

Yule mama akabaki pale chini anapiga kelele, "Mimi iko najua dawa yake! Nani ataoa yeye na hiyo miguu?"

Mume wangu aliporudi hakuuliza mtoto ameungua wapi. Aliuliza ni nani aliyemwangusha mamake. Akaniambia, "Ng'ombe zilitoka, mtoto ni wetu. Ukitaka kwenda kwenu nenda, yeye anabaki. Khalas." Kisha akaenda kumkanda mamake kiuno.

Nimeamua kutoroka na mtoto. Mganda mmoja tunayeuza naye jirani amenitafutia gari la kupitia mpaka wa Nimule, linaondoka Jumamosi. Nilikuwa nimejipanga kabisa. Lakini jana nilipomkalisha binti yangu nimpake mafuta, alirudisha miguu akaificha chini ya kiti.

"Usiniguse, mama. Haboba amesema mikono yako ndiyo imeniletea hii." Haboba ni huyo huyo bibi yake.

Nikamuuliza, sasa nani atakupaka? Akanijibu bila hata kulia, "Sitaki kupakwa. Nataka kukaa kwa moshi. Haboba amesema nikitoka huko nitakuwa mzuri, na baba atanibeba tena."

Sikuwa nimegundua kwamba baba yake ameacha kumbeba.

Sasa nyinyi mliozaa, semeni nami. Msiniandikie "pole dada" halafu mpite, pole nimeshapewa za kutosha. Jumamosi nimpakie garini kwa nguvu, akipiga mayowe njia nzima kwamba nisimguse? Au nibaki hapa nimlinde na watu anaowapenda kuliko mimi? Nishaurini, nifanye nini, maana hata sasa ninavyoandika amelala chumbani kwa bibi yake.