Anayelia Ana Pumzi

Habari za kifo chake nilizipata kwa fundi cherehani, Chang'ombe, nimesimama na suruali mkononi nikigombana na fundi juu ya pindo. Mtu mmoja alipita na baiskeli, akasema bila kushuka, "Mwalimu, umesikia? Yule dresa wa Temeke amefariki alfajiri. Homa ya siku nne tu." Akaenda zake. Mimi nikaikunja ile suruali, nikaikunjua, nikaikunja tena, mpaka fundi akanionea huruma akanisogezea kigoda. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnanijua, mie ni mtu wa maneno, na mara nyingine maneno mengi kuliko haja. Saa ile sikuwa na hata moja. Marehemu hakuwa ndugu yangu, wala hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Alikuwa mtu wa bara, mkimya, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, mfunga vidonda na mchoma sindano katika zahanati ndogo. Lakini asingekuwa yeye, leo ningekuwa nimeua mtoto wa watu, na ningekuwa nimemwua kwa kujiona namfundisha adabu.

Nilieleze jambo hili kama lilivyo, maana nimelificha miaka mingi. Vita vilikuwa vimekwisha, sukari bado inapimwa kwa kibaba, nami nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya Temeke. Nilikuwa mkali, na ukali wangu niliuvaa kama koti jipya. Shule zetu mnazijua: kabla ya kengele ya darasa watoto hufagia uwanja kwa mafagio ya chelewa, mstari kwa mstari, na wakati wa kiangazi vumbi hupanda mpaka usimwone mwenzako. Darasa la tatu palikuwa na binti mmoja, mwembamba, hodari wa hesabu, ambaye kila asubuhi ikifika saa ya kufagia haonekani. Mara yuko nyuma ya choo, mara yuko kisimani. Nikasema huyu ni mvivu, na dawa ya mvivu naijua. Siku hiyo nikamtoa mbele ya shule nzima, nikamkabidhi fagio, nikamwambia afagie peke yake kutoka mlingoti wa bendera mpaka ukutani. Akafagia. Akakohoa. Nusu ya njia akaacha fagio, akaketi chini mchangani.

"Inuka," nikamwambia. Hakuinuka. "Mwalimu anasema nawe, unanyamaza?" Akanitazama, mabega yamepanda, asinijibu neno. Wenyewe mnajua malezi yetu: mtoto akiulizwa na mkubwa akanyamaza, hatusemi ana shida, tunasema ana kiburi. Watoto mia na zaidi walikuwa wananitazama. Nikaona heshima yangu iko mchangani pale pamoja naye. Nikanyanyua fimbo. Namshukuru Mungu kwamba asubuhi hiyo dresa alikuwa amekuja kuwachanja watoto ndui, sanduku lake mkononi. Sikumsikia akija. Nilihisi tu mtu amenishika kifundo cha mkono, si kwa nguvu, ila hakuachia. "Hana kiburi, Mwalimu," akasema polepole. "Hana pumzi."

Dresa alipiga magoti mbele ya binti. Akamwuliza jina lake, na binti akatoa nusu ya jina, nusu ya pili ikakwama. Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya rangi ya jivu. Dresa akatuamuru wote tuondoke, nami nikiwamo, akamwinamisha mbele viwiko vikiwa juu ya magoti, akamfungua kifungo cha shingoni. Akamwambia, "Puliza, mama. Uji wa moto huo, upulize upoe. Polepole, usiumwage." Huku anasema hivyo mkono mwingine unafungua sanduku na kutoa sindano. Nilisimama karibu na mlingoti nikiwa na fimbo yangu. Sijawahi kungoja kitu kama nilivyongoja mbavu za mtoto yule ziache kuzama. Kila alipovuta, nilivuta naye. Sikumbuki ni muda gani ulipita, nakumbuka tu kwamba alipoanza kulia, dresa alikaa chini kabisa kwenye vumbi na suruali yake nyeupe, akasema, "Haya. Sasa analia. Tumepona."

Jioni alinitaka nifuatane naye nyumbani kwa binti. Binti alilelewa na bibi yake, mama wa Kizaramo mwenye heshima zake, na ndani tuliyakuta mambo. Dirisha limefungwa na kuzibwa kwa khanga ili baridi isiingie, majirani wanane chumbani wamekuja kumjulia hali mgonjwa, na mtoto amefunikwa shuka gubigubi juu ya chetezo, anafukizwa ubani na udi ili hilo pepo lililomkaba koo limtoke. Moshi ulituchoma macho tukiwa bado mlangoni. Nilifungua kinywa kukaripia, kwani nilikuwa nimelijua somo kwa muda wa saa nane tu na tayari nilijiona bingwa. Dresa akanikanyaga mguu. Akavua kofia. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, baba. Karibu, ila mambo haya ya kwetu ninyi watu wa bara hamyawezi. Mie nimezaa tisa." "Ndiyo maana nimekuja kwako," akajibu. "Naomba ruhusa tumtoe mjukuu barazani apate upepo, kisha Jumamosi baada ya alasiri uje shuleni na wenzako. Nina kitu nataka mnisaidie."

Walikuja, kwa udadisi zaidi kuliko imani. Akina mama walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu, wanaume wakasimama mlangoni kama watu wanaopita tu. Dresa hakuchora pafu ubaoni. Aligawa mabua ya majani ya boga, yaliyomenywa, kila mtu moja. Akasema, "Zibeni pua. Vuteni pumzi kwa bua tu, mpaka nilizunguke darasa hili mara tatu." Mzunguko wa kwanza walicheka, wakataniana. Wa pili darasa likanyamaza. Wa tatu, bibi alitupa bua lake, akakamata ukingo wa dawati kwa mikono miwili, mdomo wazi, anahema. Mimi nilikuwa nimelitupa langu zamani. Dresa akamwendea bibi na kumwambia kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia, "Mjukuu wako hana pa kulitupa lake." Bibi alilia waziwazi. Alisema, "Na mie nikamfunika shuka na moshi." Hakuna aliyemcheka.

Baada ya hapo alifundisha anavyotaka, maana masikio yalikuwa yamefunguka. Dirisha liwe wazi. Jiko na chetezo vikae uani. Mto wa sufi aliokuwa akilalia mtoto utolewe, ule unaomwaga unga ukiupiga. Majirani wamwombee dua kutoka barazani. Shuleni tunyunyize maji kwa makopo kabla ya kufagia, na mwenye pumu apewe kazi ya kuchota, si ya fagio. Lakini kubwa lilikuwa hili la kujua lini ungoje na lini umpeleke zahanati. Saa hakuna nyumbani, na kuhesabu wengine hawakujua. Akasema, "Mwambieni aseme Bismillahi Rahmani Rahim. Akiimaliza kwa pumzi moja, kaeni naye, apulize uji wake. Ikikatika katikati, msingoje mtu, mleteni." Hapo wanaume wa mlangoni wakaguna. Mkristo wa bara afanye Bismillahi kuwa kipimo cha dawa? Nilidhani kazi yote imeharibika. Ni mwalimu wa chuo, mzee aliyewasomesha nusu yao Kurani, aliyewajibu, "Pumzi kaitoa Mungu. Jina lake likipimia pumzi yake, limechafuka nini?" Binti, aliyekuja na bibi yake, akajaribishwa pale pale, akaimaliza.

Kumbe kujua somo na kulitenda ni vitu viwili. Kama mwezi na nusu hivi baadaye, mchana, tuko darasani, nikaletewa habari kwamba binti hakufika shule, amebanwa. Nilikwenda mbio na baiskeli. Nilivyokuta mlango umezungukwa na watu, nikakata tamaa, nikajua wamemfunika tena. Nilipopenya ndipo nikamwona bibi kasimama kizingitini, mchi mkononi, amewazuia mtaa mzima wasiingie, na shoga zake wa miaka thelathini wamemnunia. Dirisha lilikuwa wazi. Binti alikuwa ameinamia kinu kilichopinduliwa, mikono juu yake, anapuliza. Kifua chake kilikuwa kinalia kama filimbi. Kisha, tukiwa tunamtazama, filimbi ikapungua, ikawa kama imekwisha. Shoga mmoja akasema, "Alhamdulillahi, imemwachia." Nami, wasomaji, nilikubaliana naye. Nilishusha pumzi. Bibi hakushusha. Akainama sikioni mwa mjukuu wake. "Mama, sema Bismillahi." Midomo ya mtoto ikatikisika. "Bismillahi Rah," akasema, na hapo hapo pakakatika.

Tulimpakia kwenye baiskeli, ameinamia usukani, mie nasukuma, bibi anakimbia kandoni na mchi wake bado mkononi kwa kuusahau. Mchanga wa Temeke unamshika mtu miguu siku ambayo hautakiwi. Zahanati mstari ulikuwa umefika barabarani, na mwanamume wa mbele kabisa alikuwa na mtoto anayepiga kelele za kupasua masikio. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza. "Mwalimu, ungoje zamu. Huyu wangu analia tangu asubuhi, huyo wako katulia." Dirishani akatokea dresa. Hakumtazama aliyelia. "Nani huyo aliyenyamaza?" akauliza, na kabla sijajibu alikuwa ameshatoka nje na kumbeba. Yule baba akapandisha sauti. Dresa akamjibu akiwa anaingia, "Mshukuru Mungu wako analia, ndugu yangu. Anayelia ana pumzi."

Tulikaa barazani pale, bibi na mie, tunasikiliza ukuta. Hakuna sauti mbaya duniani kama ya chumba ambacho mtoto hasikiki. Nilijikuta nakumbuka asubuhi ile ya mlingoti na nikaona aibu mpaka nikashindwa kumtazama bibi usoni. Mwishowe kilio kilitoka, chembamba, cha hasira ya kuchomwa sindano, na bibi akaegemeza mchi wake ukutani, akafunika uso kwa khanga. Wagonjwa walipokwisha, dresa alikuja akaketi nasi. Nikamwuliza alijuaje. Alisema alipoanza kazi, huko bara, akina mama wawili walifika pamoja, mmoja na mtoto anayelia, mwingine na mtoto mgongoni aliyetulia. Akamwita anayelia. Alipomfikia wa pili na kufunua nguo, mtoto alikuwa hayupo tena. "Mama yake aliniambia ahsante," akasema. "Alidhani nimefanya niwezalo." Kisha akaenda kuchemsha sindano zake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyatazama mambo yetu kwa jicho lile. Siku hizi mji wetu una kelele nyingi, na nyingine ni za haki. Kwenye baraza husikilizwa mwenye sauti kubwa, na bomba la maji hufika mtaa uliofika ofisini ukiwa na msemaji. Nami sisemi watu wasipige kelele. Ila nimefika Kibamba huko mwisho, nimeona vijiji ambavyo havidai kitu, na wakubwa wanaandika kwamba wananchi wa huko wametulia. Nimeona wanawake majumbani tunaowasifu kwa upole, na wanafunzi tunaowaita watiifu. Huenda wametulia kweli. Huenda bua limeziba. Sisi waalimu, na mahakimu, na wazee wa mitaa, tumezoea kuuona ukimya kuwa ni moja ya vitu viwili, adabu au kiburi, kwa sababu vyote viwili havitudai tuinuke tukaangalie.

Tulimzika juzi. Jua lilikuwa kali, upepo wa kusi unavuma, na kila sepetu ikitupa udongo, vumbi linapanda na kuwaingia watu machoni. Padri alisoma, watu wakalia, Wakristo na Waislamu, Temeke yote iliyowahi kuchomwa sindano na mtu yule. Katikati ya vilio nikamwona yule binti. Sasa ni mama wa watu, ana mtoto wake mgongoni. Alikuwa amesimama nyuma, peke yake, kashika mti wa uzio, mabega yamepanda, kimya. Nikasahau mazishi. Niliwapita watu kwa viwiko, nikakanyaga miguu ya wazee, nikamfikia. Hakuniamkia. "Binti yangu," nikamwambia, "sema Bismillahi."

Akanitazama, machozi yamejaa hayajashuka. Nikangoja. "Bismillahi Rahmani Rahim," akasema, yote, kwa pumzi moja, mpaka herufi ya mwisho. Kisha akaangua kilio kikubwa, mtoto wa mgongoni akaamka naye akalia. Nilimpokea mtoto, tukasogea upande ambao vumbi halifiki, nikawaacha walie wote wawili. Ndiyo elimu niliyoachiwa, wasomaji wangu, nami nawagawia. Mkiingia mahali penye vilio, mtazameni kwanza aliyenyamaza.