Koti la Léopold na Viwavi wa Eugénie

Eugénie ni jirani yangu hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na mdomo wake hutangulia kufika kila mahali. Tangu mgao wa chakula upunguzwe, yeye na watoto wake wanne wanategemea shamba moja la mahindi. Mumewe Léopold naye analitegemea, ila kwa kulitazama tu.

Viwavi walipolivamia, Eugénie alinunua dawa iliyotengenezwa kwa kuvu huko Ruti, Mbarara, akainyunyiza jioni. Siku ya pili viwavi bado walikuwa wanatafuna. Akapanda gari kwenda kumtukana muuzaji, Yudaya, mke wa mwanajeshi wa kambi ya jeshi ya Makenke.

"Mama, wewe tulia," Yudaya akamwambia. "Hii kuvu inatoboa ngozi ya mdudu, inaingia kwa damu. Kwa damu iko maaskari. Sasa yenyewe inavua nguo yake, inavaa ingine, maaskari hapana jua ni adui. Halafu inawapa sumu, wanalala. Ngoja siku saba. Maiti ikiota kijani, wacha hapo hapo, itaambukiza wengine."

Eugénie aliangua kicheko. "Kumbe! Ni vile mi nilipitaka bariere ku njia wakati ya vita, nimevaa robe ya masista! Basoda, baaskari benyewe, balipiga magoti, eti nibabariki!"

Alirudi akangoja kwa subira ambayo hatukuwahi kumwona nayo. Siku ya saba, Eugénie akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, Léopold akapatwa na bidii, ugonjwa asiowahi kuugua. Akaokota viwavi wote waliokufa na kuota ukungu, akawachoma moto.

"Nimekusaidia, bibi," akasema, akijifuta jasho.

Eugénie aliketi chini katikati ya mahindi, akalia. Sisi tuliozoea matusi yake tuliogopa kweli. Viwavi wazima waliobaki hawakujali, waliendelea kula.

"Bote umechoma?"

"Karibu bote. Bengine niko nabo mu mufuko ya koti, nilitaka nioneshe barafiki."

Mfukoni mlikuwa na viwavi kumi na mmoja, wamepondeka, kijani tupu, wameganda kwenye kitambaa. Eugénie hakuhangaika kuwabandua. Alimvua mumewe koti, lile la harusi yao, akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akalifikicha vizuri. Jioni hiyo akanyunyiza maji yake shamba zima.

Wiki mbili baadaye nilipita pale, nikakuta maiti za kijani juu ya majani kila upande. Mahindi yalikomaa, watoto wakashiba. Siku hizi Léopold anakwenda kanisani na shati tu, na watu wakimuuliza koti liko wapi, Eugénie humwahi kujibu:

"Koti? Tulishaikula."